DAC ikigoma kusoma USB, usikimbilie kubadilisha chipu

Jumapili moja shemeji yangu kaja home kaifunga DAC yake kwenye fulana ya zamani kama mtu aliyebeba mayai. Kwa asiyeijua, DAC ni kile kiboksi kinachokaa katikati ya kompyuta na amplifaya, kinapokea muziki ukiwa bado ni namba tupu kinautoa ukiwa sauti ya kuingia kwenye zile waya nyekundu na nyeupe za RCA. Akaniambia shem hii imekufa upande wa USB, kuna fundi kaiangalia dakika tano tu kasema chipu imeungua, inabidi iagizwe nje, laki na kitu. Nikamuuliza swali moja, ukichomeka waya wa optiko, ule unaopitisha mwanga, kutoka kwenye TV inaimba? Akajibu inaimba fresh, jana usiku nimecheki mpira nayo.

Hapo mi nikajua kazi imeshapungua nusu kabla hata sijashika bisibisi, na ndo mana naandika hii kitu, watu wengi sana wanalipia chipu ambayo haina kosa lolote.

Iko hivi. Waya wa USB ukiingia nyuma ya DAC unakutana kwanza na soketi, mara nyingi ile ya mraba kama ya printa. Kutoka hapo njia mbili za data, zinaitwa D+ na D-, zinapita kwenye kidude kidogo cha kukinga umeme tuli, zinapita kwenye resista mbili ndogo za omu 22 au 27 hivi, ndo zinafika kwenye chipu inayopokea USB. Hiyo chipu ndo inayoongea na kompyuta, ikishaelewana nayo inaupeleka muziki kwa chipu ya pili, ile inayogeuza yenyewe. Sasa optiko na koaksio (ile ingizo ya dijitali ya waya wa shaba) zinaingilia mbele ya hapo, hazipiti kabisa kwenye soketi ya USB wala kwenye chipu yake. Kwa hiyo optiko ikiimba maana yake pawasapulai kuu nzima, chipu ya kugeuza nzima, na kila kitu kuelekea RCA kizima, kosa limejificha kwenye kipande cha bodi chenye urefu wa kidole. Kama DAC yako haina optiko, zile ndogo zinazokula umeme wa USB tu, basi hiki kipimo cha bure huna, ila mengine yote ni yale yale.

Kabla ya kufungua chochote badilisha waya. Najua kila mtu anasema hivyo na kila mtu anaruka, mi mwenyewe nimewahi kumaliza jioni nzima na mita mkononi kumbe waya umekatikia ndani karibu na kichwa. Waya uliotoka kwenye printa inayofanya kazi mi nauamini kuliko waya mpya wa dukani ambao siujui tabia yake. Na kama DAC yako ni ya micro au Type-C ndo uwe makini zaidi, nyaya nyingi za simu za bei chee ndani zina nyuzi mbili tu za kuchajia, data hamna. Kuujua ni rahisi, unganisha simu na kompyuta kwa waya huo huo, kama simu inachaji tu na mafaili hayaonekani hata ukichagua kwenye simu kwamba unataka kuhamisha mafaili, huo ni wa chaji, weka pembeni. Alafu badilisha tundu la kompyuta, kama ni desktop tumia ya nyuma sio ya mbele, na toa hub (kile kigawanyio cha matundu ya USB) katikati. Alafu badilisha kompyuta yenyewe. Simu ya Android na adapta ya OTG (ile ya kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu) nayo ni kompyuta ya kujaribia, ila simu nyingine zinagoma kulisha DAC yenye njaa ya umeme kwa hiyo simu ikikataa usihukumu haraka.

Kuna kitu kingine hapa kinanichekeshaga. Wapenda sauti wengine wanabandika tepu kwenye pini ya volti 5, au wanakata kabisa uzi mwekundu, eti umeme wa kompyuta mchafu unaharibu muziki. Sibishani nao, ila DAC nyingi hata zenye adapta yake zinaziangalia hizo volti 5 ili zijue kama kompyuta ipo, ukizikata inakaa kimya kama maiti. Ukiletewa DAC "mbovu" na waya wa kifahari wenye tepu, toa tepu kwanza.

Upande wa programu nitapita haraka. DAC zinazoishia 24/96, yaani biti 24 na kHz 96, kwa kawaida zinatumia kanuni ya kwanza ya sauti ya USB, Windows inaijua miaka mingi, hauhitaji draiva. Zile za kHz 192 kwenda juu zinatumia kanuni ya pili, na hiyo Windows imekuja kuielewa yenyewe kwenye Windows 10 toleo la 1703, mwaka 2017. Kabla ya hapo ni lazima draiva ya mtengenezaji, kwa hiyo laptopu ya Windows 7 ikiikataa DAC ya 192 hapo hakuna kilichoharibika, tafuta draiva. Mac na Linux hazisumbui kwa hili. Na angalia kitufe cha mbele cha kuchagua ingizo, usicheke, nimeshaletewa DAC nzima kabisa ilikuwa imewekwa kwenye koaksio.

Kwa kupima mi napenda Linux, hata ukiiwasha kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha. Fungua terminal, andika sudo dmesg -w, bonyeza enter, alafu chomeka DAC na usome kinachotokea. Majibu ni ya aina nne hivi. La kwanza ni ukimya, hakuna hata mstari mmoja unaoongezeka, hapo kompyuta haijahisi kwamba kuna kitu kimechomekwa. Aidha volti 5 hazifiki, au njia ya D+ imekatika au imepiga shoti, au chipu ya USB haijaamka. La pili inaonekana kama imegusa, alafu yanakuja malalamiko, device descriptor read/64, error -71 au -110, inajaribu tena na tena mwisho inakata tamaa, kwenye Windows ndo ile Code 43. La tatu inatambulika vizuri ila ukigusa waya inapotea na kurudi. La nne inatambulika na inatulia ila sauti hakuna, na hilo la nne sio tatizo la soketi wala njia za data, rudi kwenye settingi za sauti.

Hilo la pili ndo lilikuwa la shemeji, na linaongea mengi kama utalisikiliza. Kifaa cha USB cha mwendo wa Mbit 12 kwa sekunde kinajitambulisha kwa kuinua njia ya D+ ifike kama volti 3.3 kupitia resista ya 1.5k, kompyuta ikiona D+ imepanda ndo inajua kuna mgeni mlangoni. Hata zile za mwendo wa Mbit 480 zinaanza hivyo hivyo, ndo baadaye zinapandisha mwendo. Kwa hiyo kama kompyuta imehisi kitu basi D+ yako inaelekea iko hai, chipu ina umeme, na imeamka kiasi cha kuinua mkono. Mazungumzo ndo yanagoma, na yakigoma mtuhumiwa wangu wa kwanza ni ile njia ya pili, D-, ama imekatika ama imepiga shoti. Yote hayo tumeyajua bisibisi ikiwa bado kwenye droo.

Kama inatambulika andika pia lsusb uone namba yake, itakusaidia kujua ndani kuna nini. Ikianza na 08bb ni chipu ya Texas Instruments, 0d8c ni C-Media, 20b1 ni XMOS. Iandike sehemu, tutaihitaji mwishoni.

Sasa tunafungua. Kama DAC yako inaingiza umeme wa ukutani moja kwa moja, yaani waya wa volti 230 unaingia ndani ya boksi lenyewe, chomoa, subiri dakika kadhaa, alafu pima kapasita kubwa kwa mita kabla ya kuingiza vidole. Sitanii. Na hizi usizipime zikiwa wazi na zimewashwa kama hujazoea, vipimo vingi ninavyotoa hapa vinafanyika ikiwa imezimwa kabisa. Zile za adapta ya nje ya volti 9 au 12 hazina hiyo hatari, hizo ndo nzuri za kujifunzia.

Vifaa sio vingi. Mita yoyote yenye kipimo cha dayodi, hata ile ya njano ya bei ya chini kabisa inatosha. Pasi ya risasi, kama ina kurekebisha joto weka nyuzi joto 330 hadi 350 za Selsiasi. Risasi ya kuchomelea ya kawaida, yenye madini ya lead, 60/40 au 63/37, hiyo inayeyuka kwenye 183 na kitu, wakati ile isiyo na lead waliyotumia kiwandani inaweza kutaka 217 na zaidi na ndo mana inakuwa mbishi. Flaksi, ile dawa ya kufanya risasi ishike vizuri, usibane pesa hapo. Utepe wa shaba wa kunyonya risasi, kibano, mswaki wa zamani na spiriti ya kusafishia. Vitu hivi Kariakoo ya Dar au Luthuli ya Nairobi hukosi.

Anza na macho. Washa tochi, tumia kamera ya simu kama lenzi, angalia upande wa chini wa bodi pale pini za soketi zilipotokea. Soketi ya USB inavutwa kila siku, mtu akiwa na waya mnene mgumu ndo balaa, uzito wote unaning'inia kwenye tone chache za risasi. Unachotafuta ni kiduara chembamba cheusi kuzunguka pini, kama ufa kwenye kikombe cha udongo. Ukikiona, weka flaksi, choma upya na risasi mpya kidogo, zote nne na miguu miwili ya gamba la chuma, na kwa DAC nyingi zenye lile jibu la tatu hadithi inaishia hapo hapo. Ya shemeji haikuwa na ufa.

Sasa mita. Kipimo cha kwanza, na hiki usikiruke kwa ajili ya laptopu yako, ni omu kati ya pini ya volti 5 na graundi. Ukikuta sifuri au omu mbili tatu, usichomeke tena hiyo kitu kwenye kompyuta, kuna shoti kwenye umeme, mara nyingi ni kapasita ya karibu na soketi au regyuleta. Ukikuta namba inapanda taratibu hiyo ni kapasita inajaa, salama.

Kuzijua pini, kwenye soketi ya mraba zile nne zimekaa kama mraba mdogo chini ya bodi, umeme na graundi upande mmoja, data mbili upande mwingine. Graundi utaijua kwa kuiliza mita (kile kipimo kinacholia ncha mbili zikiwa zimeungana) na graundi ya bodi, kwa mfano ganda la nje la RCA, ingawa DAC chache zimetenganisha graundi ya USB na ya sauti, zikiwa hivyo haitalia, tafuta kapasita kubwa ya upande wa USB utumie mguu wake wa hasi. Rangi za ndani ya waya wa kawaida ni nyekundu volti 5, nyeupe D-, kijani D+, nyeusi graundi.

Weka mita kwenye dayodi. Hapa tunapima kinyume na mazoea, probu nyekundu iweke graundi, nyeusi gusa D+. Mita inasukuma umeme kidogo kupitia dayodi iliyomo ndani ya chipu, na njia nzima itakupa kitu kama 0.4 hadi 0.8. Andika. Hamia D-. Namba yenyewe sio muhimu sana, muhimu ni hizi njia mbili zifanane, ni mapacha, zimetoka kwenye chipu moja. Zikitofautiana kwenye desimali ya pili tu haina shida. Moja ikiandika OL, yaani mita haioni kitu kinachopita, njia hiyo imekatika mahali kati ya soketi na chipu, fuata kwa kugusa kila kituo mpaka namba irudi, ilipopotea ndo palipokatika. Moja ikiandika sifuri, shoti.

Ya shemeji: D+ ilisoma 0.61. D- ikasoma 0.00 na mita ikalia.

Na hapa ndo yule fundi wa laki na kitu alipoteleza kwa maoni yangu, kama alipima kabisa. Kaona shoti kwenye D-, kasema chipu. Lakini kumbuka kuna resista ya omu 22 katikati ya safari, na hiyo resista ni kama kituo cha polisi, inakwambia mwizi kaelekea wapi. Badilisha mita iwe kwenye omu, pima kutoka graundi hadi upande wa resista unaoangalia soketi, nikapata 0.4, ambayo ni nyaya za mita zenyewe. Pima upande wa resista unaoangalia chipu, nikapata 22.5. Umeona? Kama chipu ndo ingekuwa na shoti ingekuwa kinyume chake, sifuri upande wa chipu na 22 upande wa soketi. Shoti iko upande wa soketi, na upande wa soketi kuna vitu viwili tu, soketi yenyewe na kile kidude cha kinga. Chipu haihusiki kabisa.

Kidude chenyewe kina miguu sita, kidogo kuliko punje ya mchele, kimekaa milimita chache nyuma ya soketi. Kazi yake ni kufa kwa niaba ya chipu, umeme tuli au msukosuko ukiingia kwenye data unatupwa graundi, ukizidi sana chenyewe kinaungua na mara nyingi kinaungua kwa kubaki na shoti. Aina moja inayotumika sana ni USBLC6-2SC6, ukisoma karatasi ya data yake utaona mguu wa 1 na wa 6 ni njia moja, wa 3 na wa 4 ni njia moja, wa 2 graundi na wa 5 volti 5.

Kukitoa bila mashine ya hewa ya moto inawezekana. Nilijaza flaksi, nikamwaga risasi ya kutosha miguu mitatu ya upande mmoja ikawa tone moja, upande wa pili hivyo hivyo, alafu nikawa napeleka pasi huku na huku haraka haraka, huku na huku, mpaka kidude kikaanza kuogelea, nikakisukuma pembeni na kibano. Usikivute kwa nguvu, ukivuta kabla hakijaelea unang'oa na shaba ya bodi. Nikafyonza risasi iliyobaki kwa utepe, nikasafisha na spiriti, nikapima tena. D+ 0.61, D- 0.61. Shemeji alikuwa ananiangalia mita tu, hajui namba zinamaanisha nini ila aliona zimefanana akacheka.

Kabla ya kuchomeka kuna mtego mmoja hapo. Bodi nyingine njia ya data inapita chini ya kidude moja kwa moja, ukikitoa njia bado ipo. Bodi nyingine njia inaingia mguu wa 1 inatokea mguu wa 6 kupitia ndani ya kidude chenyewe, ukikitoa umekata data. Liza mita kati ya pini ya soketi na resista kwa njia zote mbili. Kama hailii unganisha 1 na 6, na 3 na 4, kwa uzi mwembamba. Ya kwetu ilikuwa imepita chini, nikaichomeka kwenye laptopu kuukuu (ya majaribio tu, sio ya kazini) na dmesg ikaandika mistari yake yote bila lalamiko.

Inafanya kazi bila kile kidude, ndiyo, na mafundi wengi wanaishia hapo. Mi siachi hivyo, mana mara ya pili hakuna wa kufa kwa niaba ya chipu. Vinauzwa mtandaoni kwa mafungu, nikaagiza kumi, shemeji akatumia DAC yake bila kinga wiki tatu akairudisha nikaweka kipya. Angalia tu nukta ya mguu wa kwanza, ukikigeuza unaweza kuipeleka volti 5 graundi.

Sasa kama wewe tatizo lako ni soketi yenyewe, imelegea ndani au ulimi wake umevunjika, usijaribu kuitoa nzima nzima kwa kuchoma pini moja moja na kuvuta, ndo njia ya uhakika ya kung'oa shaba. Ivunje. Kata plastiki kwa koleo ndogo, toa vipande, pini zikibaki zimesimama peke yake choma moja moja na kibano zitatoka zenyewe kama meno ya maziwa. Miguu ya gamba imeshikana na graundi pana ambayo inanyonya joto lote, hapo tumia ncha nene, panda mpaka 380 kwa muda mfupi, changanya na risasi mpya ili ile ya kiwandani ilainike. Mashimo yafyonze, safisha, weka mpya. Shaba ya data ikiwa imeshang'oka, vuta uzi mwembamba wa koili kutoka kwenye pini mpaka kwenye resista, nyuzi zote mbili ziwe fupi, sawa kwa urefu, na zisokotwe pamoja. DAC ya Mbit 12 inavumilia uzembe kidogo hapo, ya Mbit 480 haivumilii, itakuwa inakatakata muziki alafu utafute mchawi.

Na kama njia za data ziko sawa mapacha lakini kompyuta iko kimya? Rudi kwenye umeme. Hapa itabidi iwashwe, kwa hiyo nazungumzia zile za adapta ya nje, na nguo ya mkono ipandishe isiguse. Pima volti 5 kwenye pini ya soketi, alafu ng'ambo ya fyuzi ndogo au ile ferraiti (kidude kidogo cha kuchuja kelele za umeme) iliyopo karibu na soketi, ikiwa 5 huku na 0 kule basi hiyo imekatika. Alafu tafuta volti 3.3. Bodi nyingi zina regyuleta ya AMS1117 yenye miguu mitatu na bapa moja, mguu wa kwanza graundi, wa kati 3.3 inatoka pamoja na lile bapa, wa tatu 5 inaingia. Ikiingia 5 na kutoka 1 na kitu, aidha regyuleta imekufa au kuna kitu mbele kinaivuta chini, gusa chipu kwa uangalifu, kinachokuunguza kidole ndo kinachovuta. XMOS nyingi zinataka na volti 1.0 kwa ajili ya kiini chake, hiyo nayo pima.

Umeme ukiwepo wote, mtuhumiwa anayefuata ni kristali, kile kikopo cha fedha. Zile za PCM2704, chipu ya Texas Instruments, zinatumia ya MHz 12, za XMOS mara nyingi MHz 24. DAC iliyoanguka chini kutoka mezani, hapa ndo pa kuangalia kwanza, kristali ndani ni kipande chembamba cha kwazi kinavunjika kama kioo. Bila osiloskopu, ile mashine ya kuonyesha mawimbi ya umeme, kuipima ni ngumu, ila ni ya bei ndogo, badilisha tu. Na PCM2704 ina ile resista ya 1.5k nje ya chipu, ikikatika hiyo au ikipasuka risasi yake D+ haipandi na kompyuta inakaa kimya, resista moja ya shilingi mia inakufanya uamini DAC imekufa.

Chipu inakuja mwisho kabisa. Ukishatoa kinga, ukainua hata resista za 22, na bado upande wa chipu unasoma sifuri, basi sawa, chipu imekufa, hapo fundi wako hajakuongopea. Ndo utoe ile namba uliyoandika, kama uliwahi kuiona. PCM2704 ina miguu 28 inayoonekana kwa macho, programu yake imeshaokwa kiwandani, ukiweka mpya inaamka. XMOS ni kitu kingine, inaendeshwa na programu ya mtengenezaji wa DAC iliyoko kwenye flashi, na baadhi yake flashi iko humo humo ndani ya chipu, ukinunua mpya inakuja tupu, utaiuza kama kishikizo cha ufunguo. Hapo mi nashauri ununue kiboksi kidogo kinachopokea USB na kutoa optiko au koaksio, ukiingize kwenye DAC yako kwa tundu ambalo bado zima, maisha yaendelee.

Kilichoua kinga ya shemeji tulikuja kukipata tukiwa tunakunywa chai. Dishi liko juu ya bati, decoder inaingia kwenye amplifaya kwa RCA, amplifaya ina plagi ya pini mbili ambayo kaichokonolea na kalamu kwenye tundu la juu ili iingie, DAC inaingia kwenye amplifaya hiyo hiyo, na USB inaishia kwenye laptopu. Radi ikipiga jirani msukosuko unashuka na waya wa dishi na una barabara ya shaba tupu mpaka kwenye laptopu, kinga ilikuwa katikati. Na usiku aliosema USB ilizima kulikuwa na mvua ya radi, alikuwa hajaunganisha mambo. Waya wa optiko ni plastiki tu, hauna shaba, ndo mana upande wa TV haukuguswa. Nikamwambia radi ikianza chomoa waya wa dishi na USB pia, na soketi ya ukutani iwekewe ethi ya kweli, ule waya wa kwenda ardhini. Laptopu yake ikiwa kwenye chaji bila ethi ukipitisha mkono kwenye chuma inatekenya, ule ni umeme unaovuja kwenye adapta na unasubiri mahali pa kwenda, kwa hiyo kuchomeka USB au RCA afanye vitu vikiwa vimezimwa.

Waya wake wa USB ulikuwa mnene kama bomba la gesi, mita mbili, mgumu, ndo ungefuata kuvunja soketi. Nilimpa wa kwangu wa printa wa mita moja, ule wake nikabaki nao, uko kwenye printa saa hizi na inaprint vizuri tu.